Pafu lililosinyaa: mwongozo kamili wa kumtibu mgonjwa anayerudi nyumbani na vali ya kifuani

Mgonjwa ambaye pafu lake limesinyaa kwa sababu hewa imenaswa kati yake na ukuta wa kifua (nimothoraksi) amewekewa mpira mwembamba kifuani wa kuitoa hewa hiyo, ameungiwa vali ndogo ya njia moja, ameruhusiwa. Kesho yake anarudishwa akihema, shingo imevimba, ngozi ikibonyezwa inachakacha. Bandeji ikifunguliwa hukutwa jambo moja kati ya matatu: vali imegeuzwa, mdomo wa vali umezibwa, au mpira umekunjika chini ya nguo. Yote matatu yanazuilika, na mengi ya yaliyomo humu yanahusu hayo.

Mwongozo huu ni wa madaktari, matabibu na wauguzi waliokwisha kufundishwa kuweka mpira wa kifuani chini ya uangalizi. Sehemu ya nyumbani asomewe mgonjwa pamoja na ndugu atakayemuuguza. Hauhusu watoto, wala majeruhi wa kisu, risasi au ajali ya barabarani. Hao mara nyingi huwa na damu kifuani, na damu ikiganda huziba vali.

## Vifaa

Vya kuwekea mpira

- Katheta ya kifuani, yaani huo mpira mwembamba, ya Fr 8 hadi 14 (Fr ni kipimo cha unene), pamoja na sindano yake, waya wa kuongozea na kipanulio.
- Vali ya Heimlich, yaani hiyo vali ndogo ya njia moja, au kifaa kilichounganishwa tayari. Mfano ni Rocket Pleural Vent: katheta ya Fr 8 iliyovikwa juu ya sindano, na vali yake ndani ya kijisanduku kinachobandikwa kifuani.
- Lidokeini, sirinji za ml 10 na ml 50, koki ya njia tatu.
- Klorheksidini yenye spiriti au iodini, glovu tasa, gauni, barakoa, shuka tasa yenye tundu.
- Kisu cha upasuaji namba 11, uzi wa hariri namba 0 au 1, gozi, plasta inayopitisha mwanga.
- Oksijeni na kipima oksijeni cha kidoleni.
- Kanula nene (G 14 au 16) ya kutolea hewa kwa dharura, na chupa ya maji iliyokwisha kuandaliwa, ambayo mpira huishia chini ya maji yake ili hewa itoke isirudi. Hivi viwe kando ya kitanda kabla hujagusa ngozi.

Vya kwenda navyo nyumbani

- Vali ya akiba iliyo ndani ya pakiti yake.
- Mfuko wa mkojo uliokatwa tundu kwenye kona ya juu.
- Gozi na plasta za wiki moja.
- Parasetamoli, na ibuprofeni kwa asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo.
- Karatasi yenye tarehe ya kurudi, namba ya simu ya wodi na dalili za hatari, kwa lugha anayoisoma mwenyewe.

## Vali inavyofanya kazi

Ndani ya kopo dogo la plastiki mna ulimi wa mpira laini uliolala bapa. Mgonjwa akitoa pumzi au akikohoa, hewa iliyonaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua inausukuma ulimi na kutoka. Akivuta pumzi, kuta zake hubanana na hewa ya nje haiingii. Vali haihitaji maji wala umeme, na tofauti na chupa, haidhuriki ikiinuliwa juu ya kifua. Mgonjwa anaweza kulala na kutembea nayo. Inachohitaji ni mambo mawili tu: ielekee upande sahihi, na mdomo wake wa nje usizibwe kamwe.

## Hatua ya 1: Amua kama anahitaji kifaa, na kama anafaa kurudi nyumbani

Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu zaidi.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 unaanza na dalili za mgonjwa na hatari alizo nazo, kabla ya ukubwa wa hewa kwenye picha ya eksirei. Kijana asiye na ugonjwa mwingine, asiyehema na asiye na maumivu makali, anaweza kuachwa bila kuchomwa kitu na kufuatiliwa kwa karibu. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2020, wenye washiriki 316, ulionesha kwamba wengi wa walioachwa hivyo mapafu yao yalijaa tena ndani ya wiki 8. Usiweke kifaa kwa sababu tu kimo kabatini.

Asiende nyumbani na vali ikiwa:

- presha imeshuka, mapigo yanakimbia, au bomba la hewa la shingoni limesukumwa upande mmoja. Huyo ni wa kutolewa hewa kwa sindano papo hapo, hata kabla ya picha;
- oksijeni yake haisimami bila msaada;
- mapafu yote mawili yana hewa pembeni;
- kifuani mna maji mengi, damu au usaha;
- ana ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi, au ana miaka 50 na zaidi na amevuta sigara kwa miaka mingi.

Sharti hili la mwisho linagusa watu wengi kwetu, kwa sababu ya kifua kikuu. Pafu lenye mapango ya kifua kikuu huvuja kwa wiki nyingi, na mgonjwa hana pumzi ya akiba. Mlaze, tuma makohozi kupimwa, anza dawa, tumia chupa. Baadaye, akishatulia na uvujaji ukabaki mdogo, vali inaweza kumtoa wodini. Lakini huo uamuzi ni wa daktari wa kifua, na haufanywi siku ya kwanza. Kumbuka pia kwamba hewa itokayo kwenye vali inatoka pafuni. Kwa mgonjwa ambaye bado anaambukiza, chumba kiwe na madirisha wazi.

Mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka huweza kupasuka pafu kwa nimonia ya Pneumocystis, na upande wa pili ukafuata. Naye alazwe.

Kisha uliza mambo yasiyo ya kitabibu. Anaishi umbali gani? Usafiri wa usiku upo? Kuna mtu mzima wa kulala naye nyumba moja? Simu ina chaji na salio? Anayehitaji zaidi ya saa moja kufika hospitali yenye watu wanaoweza kuweka mpira wa kifuani hafai, hata picha yake ikiwa nzuri namna gani. Kama ana shangazi au rafiki karibu na hospitali, akae huko kwa siku hizo.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika kwenye faili sentensi mbili: kwa nini anahitaji kifaa, na kwa nini ni salama akilala nyumbani.

## Hatua ya 2: Thibitisha upande na uchague mahali

Simama na picha ya eksirei mkononi na mgonjwa mbele yako. Soma alama ya kulia na kushoto iliyo kwenye picha, kisha msikilize mgonjwa. Upande wenye hewa sauti ya pumzi hufifia na ukigonga hulia kama ngoma. Picha na masikio vikipishana, simama. Weka alama ya kalamu kwenye ngozi mgonjwa akiwa macho na akikubali kwamba ndio upande unaouma.

Kwa katheta ya kawaida tumia pembetatu salama ya chini ya kwapa: mbele ukingo wa msuli mkubwa wa kifua, nyuma ukingo wa msuli wa mgongo, chini mstari wa chuchu. Rocket Pleural Vent imetengenezwa kukaa mbele, nafasi ya 2 kati ya mbavu, chini ya katikati ya mtulinga. Usisogee kuelekea kidari, maana kuna ateri inayoshuka kandokando yake.

Kigezo cha picha: hewa iwe na upana wa sm 2 au zaidi mahali unapotaka kuchoma. Pungufu ya hapo sindano iko karibu mno na pafu. Kwa mwenye kovu la zamani la kifua kikuu pafu huweza kushikana na ukuta wa kifua, kwa hiyo tafuta kipimo cha ultrasaundi au CT kabla ya kuchoma.

## Hatua ya 3: Ganzi na kuweka katheta

Mgonjwa akae nusu kulala, mkono wa upande huo nyuma ya kichwa.

Kiwango cha juu cha lidokeini isiyo na adrenalini ni mg 3 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anapata mg 180, yaani ml 18 za dawa ya 1%. Stoo nyingi zina ya 2%, na hapo kiwango chake ni ml 9 tu. Soma chupa kwa sauti mbele ya msaidizi. Kosa hili huleta degedege.

1. Choma ganzi kwenye ngozi, kisha shuka polepole ukipita juu ya ukingo wa juu wa ubavu. Mishipa na neva hujificha chini ya kila ubavu, ndiyo maana hatupiti huko. Ongeza dawa karibu na utando wa pafu, kwa kuwa huo ndio unaouma zaidi.
2. Vuta sirinji hadi upate mapovu. Usipopata hewa, usiendelee. Rudi kwenye picha. Kina ulichopatia hewa kiweke akilini.
3. Ingiza sindano ya seti hadi kina hicho, pata hewa tena, pitisha waya. Ukigoma usiulazimishe. Mkono mmoja ubaki umeushika waya muda wote.
4. Chana ngozi mm 4 hadi 5 na upitishe kipanulio. Kiishie sm 1 tu kupita kina cha utando. Kipanulio kilichozamishwa chote ndicho kinachotoboa pafu, ini, hata moyo.
5. Pitisha katheta hadi matundu yake yote ya pembeni yawe ndani ya kifua. Tundu moja likibaki chini ya ngozi, hewa itasambaa shingoni na usoni.

## Hatua ya 4: Unga vali

Vali ya Heimlich ina mshale kwenye kopo, na nyingi zina mdomo wa bluu unaokwenda kwa mgonjwa. Mshale uelekee nje, mbali na kifua. Usitegemee rangi peke yake, maana watengenezaji hutofautiana. Kabla ya kuunga, sukuma hewa kwa sirinji tasa upande wa mgonjwa: ipite kwa wepesi na ulimi utetemeke. Geuza, sukuma upande wa pili: igome. Jaribio hili la nusu dakika ndilo linaloachwa kila mara vali inapokutwa imegeuzwa. Vali iliyogeuzwa hunasa hewa kwa kila pumzi na inaweza kuua.

Ikiwa umetumia koki ya njia tatu, iondoe kabla mgonjwa hajatoka. Koki huzunguka chini ya nguo na kujifunga bila mtu kujua. Ikibidi ibaki, ifunge kwa plasta ikiwa wazi na uandike juu yake "ISIFUNGWE".

Mdomo wa nje unaweza kuachwa wazi ukafunikwa gozi jepesi, au ukaungwa kwenye mfuko wa mkojo kama kuna majimaji. Mfuko huo lazima uwe na tundu juu. Mfuko mzima hujaa hewa kama puto, kisha vali haina pa kupumulia.

Umefaulu ikiwa mdomo wa nje ukitumbukizwa kidogo kwenye kikombe cha maji safi, mgonjwa akikohoa unaona mapovu, na akivuta pumzi maji hayapandi.

## Hatua ya 5: Funga mpira usitoke

Uzi upite kwenye ngozi kwanza na kufungwa fundo legevu, ndipo uzungushwe kwenye katheta mara kadhaa na kukazwa bila kuubana mpira. Weka plasta inayopitisha mwanga ili kidonda kionekane. Sm 10 mbele yake bandika plasta ya pili, mpira ukiwa na mzunguko mdogo uliolegea, ili ukivutwa ghafla plasta ipokee mvuto kabla ya uzi.

Viungio vyote vibandikwe plasta kwa urefu, si kwa kuzungushiwa pande zote, ili uone kama vimeachana. Vali yenyewe isifunikwe. Ulimi wake uonekane.

## Hatua ya 6: Mwangalie kabla hujamruhusu

Piga picha nyingine. Kaa naye saa 2 hadi 4, ukipima oksijeni, mapigo na pumzi. Mwambie atembee kwenye korido kwa dakika 6 na kipima oksijeni kidoleni. Aruhusiwe ikiwa katheta iko mahali pake, pafu limeanza kupanuka au angalau halijasinyaa zaidi, oksijeni haishuki akitembea, na maumivu yanatulizwa na vidonge.

Usiunge mashine ya kunyonya ili kuharakisha. Pafu lililosinyaa zaidi ya siku 3, likivutwa kwa nguvu, linaweza kujaa maji. Kikohozi kisichokoma, makohozi ya povu na oksijeni inayoshuka baada ya kuweka mpira ni dalili zake. Mpe oksijeni na umlaze.

Jaribio kubwa la matibabu haya lilifanyika katika hospitali 24 za Uingereza, kwa wagonjwa 236, na kuchapishwa mwaka 2020. Nusu ya waliopewa kifaa cha kutembea nacho hawakulala hospitali hata siku moja, wakati kati ya waliotibiwa kwa njia ya kawaida kipimo cha katikati (nusu yao chini ya hapo, nusu juu) kilikuwa siku 4 za kulala hospitali. Lakini matukio mabaya makubwa, 14 kwa jumla, yote yalitokea katika kundi la kifaa, na 8 yalihusiana na matibabu yenyewe: hewa kuongezeka, kifaa kuharibika, kuvuja au kuchomoka. Kwa hiyo siku ya kurudi si ombi. Asiyekuja siku hiyo apigiwe simu siku hiyohiyo.

## Hatua ya 7: Maelekezo ya nyumbani

*Msomee mgonjwa na ndugu yake, kisha waambie wao wakueleze walivyoelewa.*

- Mdomo wa nje wa vali uwe wazi saa zote. Usiuzibe kwa plasta, pamba, kitambaa wala kizibo, hata ukitoa sauti.
- Usifunge mpira kwa kamba wala kuubana. Kila asubuhi, na kila unapoamka usiku, upitishe mkono kutoka kifuani hadi kwenye vali uhakikishe haukujikunja.
- Vali iwe juu ya nguo ya ndani. Kanga iliyofungwa begani inaweza kubeba mfuko usining'inie.
- Lala chali, nusu kuketi, au ubavu usio na mpira.
- Jifute mwili kwa kitambaa. Usioge kwa kujimwagia maji kifuani, usiogelee.
- Tembea nyumbani kadiri unavyoweza na vuta pumzi ndefu mara 10 kila saa ukiwa macho. Meza dawa za maumivu kwa ratiba, maana anayeogopa maumivu hapumui vizuri, na pafu halipanuki.
- Usibebe ndoo, usilime, usiendeshe gari, usipande bodaboda. Mtikisiko na mkanda wa begi vimechomoa mipira mingi.
- Usivute sigara, bangi wala shisha.

Rudi hospitali mara moja, hata usiku wa manane, ikiwa unahema kuliko ulivyotoka, shingo, uso au kifua kinavimba, unapata homa, unaona usaha au damu kwenye mfuko, midomo inabadilika rangi, au mpira umetoka.

*Vali ikiachana na mpira:* bana mpira kwa vidole, sekunde chache tu, unga vali mpya mshale ukielekea nje, achia. Ikiwa vali imepotea, usifunge mpira. Vika kidole cha glovu safi mdomoni mwake, kikate ncha, kishike kwa plasta shinani, na uende hospitali. Kidole hicho kitajibana unapovuta pumzi.

*Mpira ukichomoka:* bandika gozi safi juu ya tundu na uende. Ukizidi kuhema njiani, inua ukingo mmoja wa gozi ili hewa itoke.

## Hatua ya 8: Marudio kila baada ya siku 2 hadi 3

Kila mara fanya mambo yaleyale kwa mpangilio: oksijeni, kidonda, viungio, ulimi wa vali, jaribio la kikombe cha maji, picha. Vali haina maji yanayopanda na kushuka kama chupa, hivyo kikombe ndicho kitakachokuambia kama mpira bado uko wazi.

Mapovu yapo, pafu linapanuka: endelea. Mapovu hayapo, pafu limejaa: nenda hatua ya 9. Mapovu hayapo, pafu bado limesinyaa: mpira umeziba au umekunjika. Sukuma ml 10 za maji ya chumvi ya 0.9% kwa utasa, badilisha vali, jaribu tena. Kama bado, mlaze na uweke mpira mwingine. Mchanganyiko huu ndio unaosomwa vibaya kuliko yote, kwa kuwa kimya cha vali hudhaniwa ni kupona.

Vali iliyonata kwa majimaji makavu ibadilishwe. Haioshwi na kurudishwa. Uvujaji ukipita siku 5 bila kupungua, wasiliana na daktari bingwa wa upasuaji wa kifua. Kadiri mpira unavyokaa, usaha unakaribia.

Akiletwa akihema vibaya na vali iko kifuani: nyoosha mpira, kisha chomoa vali na uache mpira wazi. Kama hewa imenaswa, itatoka kwa kishindo na atapata nafuu. Tundu lililo wazi ni hatari ndogo kuliko hewa inayominya moyo. Unga chupa ya maji. Asipopata nafuu, mpira umeziba: mtoe hewa kwa kanula bila kungoja picha.

## Hatua ya 9: Kutoa mpira

Masharti ni mawili kwa pamoja: picha inaonesha pafu limejaa, na mgonjwa akikohoa mara kadhaa hakuna povu hata moja.

Mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla. Kata uzi. Mwambie avute pumzi, aizuie na kusukuma kama anayejisaidia haja kubwa, kisha chomoa kwa mkupuo mmoja na uzibe papo hapo kwa gozi na plasta isiyopitisha hewa. Hesabu matundu ya katheta uhakikishe imetoka nzima. Piga picha baada ya saa 2 hadi 4. Plasta ikae siku 2 hadi 3.

## Hatua ya 10: Wiki zinazofuata

Aonwe tena baada ya wiki 2 hadi 4, na picha. Asipande ndege hadi siku 7 zipite baada ya picha kuonesha pafu limejaa kabisa.

Anayezamia majongoo bahari au anayepiga mbizi kwa mitungi ya hewa aelezwe waziwazi, mbele ya familia ikibidi, kwamba kazi hiyo imekwisha, isipokuwa afanyiwe upasuaji wa kuzuia pafu lisisinyae tena, pande zote mbili. Chini ya maji hewa iliyonaswa hutanuka anapopanda juu, na huko hakuna wa kumchoma sindano.

Tatizo hili hurudi kwa takriban mtu 1 kati ya 3, na sigara huongeza hatari. Akirudi nalo upande uleule, au likitokea upande wa pili, apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa kifua hata kama pafu limejaa lenyewe.